Tope Lenye Sumu Kuwa Tofali: Kutoka Gati la Tanga hadi Ndiva za Upare

Bandari iliyo ndani ya ghuba tulivu au karibu na mdomo wa mto hujaa tope, na lisipoondolewa meli kubwa hazifiki gatini. Kulichimba ni kazi ya mitambo. Kazi ngumu ni kujua pa kulipeleka. Kwa miaka mingi lilipakiwa kwenye vyombo vyenye matumbo yanayofunguka kwa chini, likamwagwa baharini mbali na pwani. Mkataba wa London wa 1972 ulianza kuweka mipaka, na itifaki yake ya 1996, iliyoanza kutumika mwaka 2006, ikakaza zaidi: tope lipimwe, na kabla ya kibali cha kulimwaga kutolewa iangaliwe kwanza kama haliwezi kufanyiwa kazi nyingine. Tope safi halisumbui. Mchanga wake hujengea na udongo wake hujazia ardhi. Linalosumbua ni lile lililolala miaka chini ya gati likanywa mafuta, rangi za meli na maji machafu ya mji. Hilo ndilo wahandisi wanalojaribu kuligeuza tofali, tabaka la barabara au ardhi ya kujengea gati jipya, sumu yake ikiwa imefungiwa ndani.

Mji wa Same uko zaidi ya kilomita 200 kutoka bandari ya Tanga, kwenye ukame ulio chini ya Milima ya Upare, kando ya reli ambayo Wajerumani waliijenga kutoka Tanga hadi Moshi. Ukiutazama hivihivi, hauna neno na tope la bandari. Lakini tope la bandari yoyote lilianza kuwa udongo wa mlimani, na Upare ni mahali pazuri pa kuutazama udongo huo ukianza safari. Mvua ya juu, kuelekea kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,463, ni nyingi mara kadhaa kuliko ya tambarare, na miteremko ni mikali. Novemba 2009 maporomoko ya udongo huko Mamba Miamba yaliua watu zaidi ya 20. Miaka isiyo na msiba udongo huteremka kidogokidogo, na hakuna anayeutilia maanani mpaka bwawa lijae.

Maji ya upande wa mashariki hushukia mto Mkomazi, ambao huingia mto Pangani. Ya magharibi huelekea bonde la Pangani moja kwa moja. Mto huo humwaga maji yake kwenye mji wa Pangani, kusini ya Tanga. Kwa hiyo tope la ghuba ya Tanga si la Upare hasa. Linaletwa zaidi na mito Sigi na Mkulumuzi inayotoka Usambara. Udongo wa Upare wenyewe mwingi haufiki pwani. Hunaswa njiani, kwenye mashamba ya mpunga, kwenye vinamasi, kwenye bwawa la Kalimawe lililopungua kina kwa sababu hiyohiyo, na kabla ya yote hayo kwenye ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la mlimani, lenye ukuta wa mawe na udongo, ambalo Wapare walikuwa wakilijenga tangu kabla ya ukoloni. Maji ya kijito huelekezwa humo usiku, na asubuhi tundu la chini hufunguliwa yakashuka kwenye mifereji kwa zamu. Ndiva ya Manoo, katika kijiji cha Bangalala, imechunguzwa sana na wataalamu wa maji, lakini ziko nyingi nyingine mlimani humo. Kila ndiva hujaa tope. Lisipozolewa, nafasi ya maji hupungua na wenye mashamba ya mwisho wa mfereji hukosa zamu. Kulizoa ni kazi ya msaragambo: watu hutoka pamoja, wanaume kwa wanawake, na majembe, makoleo na makarai, na asiyefika hutozwa faini. Tope hupandishwa kwenye kingo au hutandazwa shambani. Likiwa la mfinyanzi wa kutosha, fundi wa matofali hulitamani.

Hilo ni tope safi au linalokaribia usafi, na linafaa kuelezea jambo ambalo utaalamu wote wa tope chafu umejengwa juu yake. Chukua chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, weka tope la ndiva mpaka theluthi, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha uiache mezani. Kabla ya dakika kwisha mchanga umeshatua chini. Chembe laini zaidi, zile zinazoteleza kidoleni bila kunata, hutua kwa saa kadhaa. Mfinyanzi hubaki ukielea, na maji huweza kukaa na rangi yake hadi kesho yake au zaidi. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita, nazo ni bapa, kwa hiyo gramu moja tu ina uso unaozidi mita kumi za mraba. Uso huo una chaji ya umeme inayovuta metali. Risasi, shaba, zinki na zebaki zikiingia majini, hazikai majini. Hushika mfinyanzi na mabaki ya mimea yaliyooza. Mchanga hushika kidogo mno. Ndiyo maana tani moja ya tope la bandari inaweza kuwa na nusu tani ya mchanga unaofaa kuuzwa, na sumu karibu yote ikawa kwenye nusu iliyobaki.

Sumu zenyewe zina asili inayojulikana. Risasi ilitoka kwenye petroli ya zamani, betri na rangi. Shaba na zinki hutoka kwenye rangi za kuzuia viumbe kuota kwenye meli. Rangi za namna hiyo zilikuwa na dawa kali zaidi, tributilitini, ambayo iliwafanya konokono wa kike wa baharini waote viungo vya kiume hata katika kiwango kidogo sana. Mkataba wa kimataifa wa 2001 uliipiga marufuku, ukaanza kutumika 2008, lakini iliyokwisha kuzama kwenye tope ingalipo bandari nyingi. Mafuta ya injini na moshi wa makaa huacha kemikali zenye pete za kaboni zinazosababisha saratani. Mji nao huongeza yake. Huko Dar es Salaam watafiti wamekuta metali nzito kwenye tope la mto Msimbazi, unaopita katikati ya viwanda na makazi. Tanga ilikuwa na kiwanda cha mbolea kilichofungwa miaka mingi iliyopita, na mashine za kukamua mkonge zilimwaga maji yenye masalia kwenye mito. Historia ya namna hii haithibitishi kwamba tope la mahali fulani lina sumu. Humwambia mpimaji aanze kutafuta nini.

Tope likishapandishwa nchi kavu huanza jambo ambalo wengi hawalitarajii. Chini ya maji halina hewa. Salfa iliyomo huungana na chuma na metali nyingine kuwa salfaidi, rangi yake nyeusi, harufu yake ya mayai viza, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuzama mguu kwenye tope la mikoko. Katika hali hiyo metali zimefungika vizuri. Likianikwa, hewa huingia, salfaidi hugeuka kuwa asidi, na asidi huzifungua metali zikaondoka na mvua ya kwanza. Tope ambalo halikumdhuru mtu chini ya mita kumi za maji linaweza kuchafua kisima baada ya miezi kadhaa ya kukaa juani. Kulianika tu na kufyatulia matofali mabichi ni njia mbaya kuliko kuliacha lilipo.

Hatua ya kwanza ya kweli ni kutenganisha. Tope huzungushwa kwa kasi ndani ya vyombo vya umbo la pia, mchanga ukatupwa pembeni na kushuka, mfinyanzi ukatoka juu na maji. Hamburg, bandari ya Ujerumani iliyo kwenye mto Elbe, ilifungua kiwanda kikubwa cha kazi hiyo mwaka 1993. Mchanga wake hutumika kwenye ujenzi. Mfinyanzi hukamuliwa maji na sehemu yake kubwa hulundikwa kwenye vilima vilivyotandikwa tabaka zisizopitisha maji. Wajerumani haohao waliwahi kuuchoma mfinyanzi huo kuwa matofali kwenye kiwanda cha majaribio, na matofali yakatoka mazuri, ila gharama haikushindana na udongo wa kawaida. Waholanzi wa Rotterdam hawakuhangaika sana: mwaka 1987 walichimba shimo pembezoni mwa bahari, likiitwa Slufter, lenye uwezo wa kupokea mita za ujazo zipatazo milioni 150, wakawa wanalitia humo tope chafu zaidi. Si kila tope linastahili kuwa tofali.

Njia iliyoenea zaidi ni kulifunga kwa saruji. Saruji ikikutana na maji ya tope hutoa chokaa, na chokaa hupandisha ualkali. Risasi, zinki na shaba hugeuka kuwa chumvi zisizoyeyuka kirahisi, kisha saruji inayoganda hujenga kuta kuzizunguka. Kwa kawaida huwekwa kilo 100 hadi 150 za saruji kwa kila mita ya ujazo ya tope, yaani mifuko miwili hadi mitatu ya kilo 50. Baadhi ya saruji hubadilishwa na majivu ya makaa ya mawe, masalia ya tanuri za chuma au pozolana, majivu ya volkano ambayo kwa upande wa Kilimanjaro huchimbwa Holili. Bandari ya Gävle, Sweden, ilichanganya tope lake chafu na saruji, masalia ya tanuri na majivu, likawa ardhi ya kupanulia bandari yenyewe. Karibu na New York, huko Elizabeth, tope la bandari lililofungwa kwa saruji lilitandazwa juu ya dampo la zamani, na mwaka 1999 duka kubwa la Jersey Gardens likafunguliwa juu yake. Matumizi yote mawili yana sifa moja ya busara: tope halikwenda mbali, na juu yake pakafunikwa.

Katika saruji hiyo Same ina mkono wake. Jasi inayochimbwa Makanya, kusini mwa mji huo, ni kiungo cha viwanda vya saruji. Asilimia tatu hadi tano ya jasi husagwa pamoja na klinka, malighafi kuu ya saruji, ili saruji isikauke mara tu inapoguswa na maji. Bila hiyo fundi asingepata muda wa kutandaza zege. Jasi hiyohiyo ikiwa nyingi mahali pasipotakiwa ni adui. Salfa yake huungana na alumini ya saruji na ya mfinyanzi kuwa fuwele ndefu zinazovimba, na tofali la udongo-saruji likapasuka lenyewe baada ya misimu michache ya mvua. Tope la bahari lina salfa kwa asili, kwa hiyo wahandisi wa bandari huuchukulia mvimbo huo kwa uzito. Mtu anayefyatua matofali ya kufungamana, yale yanayoenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kwenye udongo wenye jasi wa upande wa Makanya, ana sababu ileile ya kuupima udongo wake kwanza.

Saruji ina udhaifu mwingine. Mabaki ya mimea yaliyooza huchelewesha kukauka kwake, wakati mwingine huzuia kabisa. Mafuta hayafungwi na kemia ya chokaa, yamezingirwa tu. Aseniki na kromu haziitikii ualkali kama risasi inavyoitikia. Chumvi ya bahari haimdhuru mwenye kujazia barabara, lakini huila nondo, kwa hiyo tope la bandari halifai kwenye zege lenye chuma bila kuoshwa, na kuliosha huzalisha maji machafu ya kushughulikia upya.

Kuchoma kunaonekana rahisi zaidi kwa mtu wa Upare, ambako tanuri za matofali ni jambo la kila kijiji chenye udongo na kuni. Fundi hukanda tope kwa miguu, hulijaza kwenye kalibu ya mbao, hufyatua, huanika, kisha hupanga matofali kuwa tanuri lenye midomo ya kuni chini na hulikandika udongo nje. Moto huwaka usiku na mchana, na anayejua kazi husoma rangi kwenye nyufa. Katika tanuri nzuri joto hufika nyuzi 800 hadi 900. Kiwanda huvuka 1,000. Kwenye joto la kiwanda mafuta na kemikali za kaboni huungua, na mfinyanzi huanza kuyeyuka kuwa kioo kinachomeza risasi na zinki. Tanuri la kijijini halifiki hapo sawasawa: matofali ya katikati huiva, ya pembeni hutoka na rangi ya waridi na hulika kwa mvua. Sumu iliyo kwenye tofali lisiloiva haijafungwa popote.

Kuna metali ambazo moto hauzifungi hata kidogo. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357. Tofali halijaanza hata kuwa jekundu, zebaki yake yote imeshatoka na moshi, nao moshi wa tanuri hutua kwenye mahindi, kwenye mapaa yanayovuna maji ya mvua na kifuani mwa mchochea moto. Aseniki nayo huruka kwa sehemu. Kromu hufanya jambo baya zaidi: moto wenye hewa nyingi huweza kuibadili kutoka hali isiyoyeyuka kwenda hali inayoyeyuka na inayosababisha saratani, hata tofali likawa na hatari kuliko tope lililolizaa. Chumvi, mwisho, hutoka juu ya ukuta kama unga mweupe na kuumenya. Wajenzi wa tambarare ya Pangani, yenye udongo wa magadi, wanaufahamu unga huo vizuri.

Ndiyo maana tofali la tope chafu halihukumiwi kwa ugumu wake peke yake. Hupondwa kuwa chembe za milimita chache, hutiwa kwenye chupa na maji yenye uzito wa mara kumi yake, chupa huzungushwa kwa saa 24, kisha maji huchujwa na kupimwa. Kipimo hiki cha Ulaya huuliza ni kiasi gani cha sumu kinatoka, si kiasi gani kimo. Tofauti hiyo ndiyo inayoruhusu tope lenye risasi nyingi kutumika chini ya barabara, na kulikataza lingine lenye risasi kidogo ambayo hutoka kirahisi. Hasara ya kipimo hicho ni kwamba hueleza hali ya tofali jipya. Ukuta ukibomolewa baada ya miaka 40 na vifusi kutumika kwenye bustani, hakuna anayekumbuka tofali lilitoka wapi, na kwa hilo nchi zenye uzoefu huyaelekeza matumizi kwenye kazi kubwa zenye mmiliki mmoja: bandari, barabara kuu, dampo. Nyumba za watu huja mwisho, na mara nyingi haziji kabisa.

Bandari ya Tanga inaonyesha ukubwa wa hesabu. Kwa miongo mingi meli zilitia nanga mbali na gati, na mizigo ikavushwa kwa matishari. Katika mradi ulioanza 2019 lango na eneo la kugeuzia meli vilichimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13, na magati yakaboreshwa ili meli zifike zenyewe. Kwa mfano wa hesabu tu, mfereji wa kilomita moja wenye upana wa mita 100 ukiongezwa kina kwa mita 10 hutoa mita za ujazo milioni moja. Kwa lori la mita za ujazo kumi hizo ni safari 100,000. Kulifunga lote kwa saruji kungetaka mifuko milioni mbili hadi tatu. Hakuna anayefanya hivyo kwa tope lote; hupimwa kipande kwa kipande, safi likatumika au kumwagwa kwa kibali, na chafu, ambalo kwa kawaida ni tabaka la juu karibu na magati, ndilo likatengwa kwa gharama hiyo. Nchini Tanzania miradi hiyo hupita kwenye tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 2004. Tope la Tanga halitapandishwa treni kwenda kujenga Same, kwa kuwa kitu kizito na cha bei ndogo hakisafiri kwa faida.

Kinachoweza kufika Same ni utaratibu, kwa sababu wilaya ina matope ya aina mbalimbali na si yote ni kama ya ndiva. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa 2025, huchota kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Bwawa hilo hupokea mito inayotoka Kilimanjaro na Meru, yenye floridi ya volkano, ikipitia miji ya Moshi na Arusha na mashamba makubwa ya miwa. Mtambo wowote wa kusafisha maji ya namna hiyo huacha tope chini ya matangi, na mitambo mingi duniani huwa imelitia shabu ili litue upesi. Tope la shabu limejaribiwa kuchanganywa na mfinyanzi wa matofali ya kuchoma, likafanya kazi likiwa sehemu ndogo ya mchanganyiko. Likizidi, tofali hunyonya maji mno na kupungua nguvu.

Tope la pili ni la dhahabu. Wachimbaji wadogo wamefanya kazi kwenye milima ya Upare Kusini, na waliwahi kuingia hata ndani ya msitu wa Chome. Popote dhahabu inaponaswa kwa zebaki, sehemu ya zebaki hiyo huishia kwenye masalia na kwenye kijito kilicho chini yake, na kijito huenda kikawa ndicho kinachojaza ndiva. Tope lake kwa macho ni mfinyanzi mzuri, laini, unaofyatulika bila kupasuka. Shambani zebaki yake hukaa muda mrefu ikiwa imeshikwa na udongo. Ndani ya bwawa la samaki vijidudu huigeuza kuwa aina inayopanda kwenye nyama ya samaki hadi kwa mlaji. Tanurini huondoka yote kwa usiku mmoja. Kwa tope la bonde lenye machimbo, kipimo cha maabara hutangulia kalibu, na likikutwa na zebaki hufukiwa mbali na mkondo wa maji, chini ya udongo mkavu ulioshindiliwa, bila kuguswa na moto.